Pangaboi Bila Boi

Singapore ni mji ambao mtu hufikiria mara mbili kabla ya kudondosha hata tiketi ya basi. Kampeni ya usafi ilianzishwa huko mwaka 1968, miaka mitatu baada ya nchi kuwa huru, na faini zake zimekuwa maarufu kiasi kwamba watalii hununua fulana zilizochapishwa orodha ya makatazo. Lakini ndani ya sehemu ya maduka ya Hoteli ya Raffles, ukipanda ngazi, kuna chumba kimoja ambamo mgeni anakaribishwa kumenya karanga na kutupa maganda chini. Sakafu yote imetapakaa maganda. Ukitembea yanalia chini ya viatu kama majani makavu ya mwembe, na watu huinamisha simu zao kupiga picha za miguu yao wenyewe.

Chumba hicho kinaitwa Long Bar. Jina ni la zamani, chumba si cha zamani. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1887 na ndugu wa ukoo wa Sarkies, Waarmenia waliokuwa na hoteli kadhaa katika miji ya bandari ya Asia, na baa yake ya mwanzo ilikuwa mahali pengine ndani ya hoteli hiyohiyo. Humo ndimo wenye mashamba ya Malaya waliposhukia walipokuja mjini kunywa na kulalamikia bei ya mpira. Katika ukarabati mkubwa wa 1989 hadi 1991 baa ilihamishiwa kwenye jengo jipya la maduka na kupambwa upya kwa mtindo unaotajwa waziwazi na wenyewe: shamba la Malaya la miaka ya 1920. Ukarabati mwingine wa 2017 hadi 2019 uliipiga msasa tu. Mada haikubadilishwa. Humo ndani ni saa kumi jioni ya mkoloni, na saa haisogei.

Sisi tunaoandika uhakiki tumezoea riwaya, filamu na tamthilia, na baa tunawaachia waandishi wa safari wanaotoa nyota. Nadhani tunakosea. Baa iliyojengwa kuigiza baa nyingine ni kazi ya sanaa ya masimulizi, sawa na filamu iliyotoholewa kutoka kwenye kitabu. Ina matini yake ya asili, na ina mtu aliyekaa mezani akaamua onyesho gani libaki, mhusika gani akatwe, na mandhari gani yang'arishwe ili mtazamaji asichoke. Filamu ikimkata mhusika muhimu tunapiga kelele. Baa ikimkata, tunaagiza kinywaji cha pili.

Nianze na haki yake, maana Long Bar si kazi ya mtu mvivu. Niliingia mchana wa siku ya kazi, nje joto la Singapore likiwa limenishika shingo, na jambo la kwanza lililonipokea lilikuwa kivuli. Mtu aliyepanga mwanga wa chumba kile anajua jinsi nyumba za nchi za joto zinavyopumua: madirisha yenye mbao za mshazari, jua linaingia kwa mistari, na katikati kuna kiza cha kupumzisha macho. Wazee wetu wa pwani waliojenga nyumba zenye kuta nene na mabaraza marefu wangekielewa mara moja. Kaunta ni ya mbao nyeusi, ndefu kweli kama jina linavyodai. Viti vinakaribisha. Hata maganda, baada ya aibu ya dakika tano za mwanzo, yana raha yake. Ni uhuru mdogo unaouzwa katika mji usiokuwa na uhuru wa aina hiyo, na aliyefikiria kuubakiza alijua anachofanya.

Kinywaji ni habari nyingine. Kila mtu huagiza Singapore Sling, na kila mtu huletewa ileile: jini, likeri ya cheri, Bénédictine, likeri ya machungwa, juisi ya nanasi, ndimu, sharubati nyekundu ya komamanga na matone ya bitters. Bei yake inapita dola 30 za Singapore. Sukari inafika kwanza, nanasi linafuata, na jini inabisha hodi mwishoni glasi ikiwa imeshakwisha. Mpenzi wa juisi ya miwa ya Forodhani hatalalamika. Mimi nilikula karanga.

Na katika kula karanga nikatazama juu.

Juu ya dari ya Long Bar kuna mapepeo, safu kwa safu, yenye umbo la majani ya mnazi. Hayazunguki kama feni za kawaida. Yanapunga: yanakwenda mbele, yanarudi nyuma, yote kwa pamoja, polepole, kama mkono wa mtu anayempepea mgonjwa. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika chumba kile, na picha nyingi za baa hii utakazokutana nazo zimepigwa kuelekea darini. Mapepeo yameunganishwa kwa vyuma na yanavutwa na mota.

Chombo kinachoigizwa pale ni panka. Kilienea katika nyumba na ofisi za Waingereza nchini India, kisha kikafuata dola yao kila palipokuwa na joto. Kilikuwa fremu au kitambaa kikubwa kilichoning'inizwa darini na kufungwa kamba. Kamba ilipita kwenye tundu ukutani hadi barazani, na huko nje alikaa mtu akiivuta. Aliivuta mchana kutwa, mara nyingi usiku kucha. Wengine waliifunga kwenye kidole gumba cha mguu ili waendelee kuvuta wakiwa wamejilaza. Hewa aliyoizalisha haikumfikia, kwa sababu yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta. Katika kumbukumbu nyingi zilizoandikwa na Waingereza wa India mtu huyu hutajwa pale tu anaposinzia, panka likasimama na bwana akaamka amelowa jasho.

Hapa Kiswahili kinajua jambo ambalo wabunifu wa Long Bar hawakulijua, au walilijua wakaliacha. Sisi tulichukua neno la Kihindi, panka, tukalitumia. Halafu tukawa na neno jingine ambalo wazee mijini bado wanalo midomoni: pangaboi. Feni ya umeme ya darini, yenye mabawa matatu na mota yake, isiyomhitaji mtu yeyote, tuliiita kwa jina la yule mvuta kamba. Kifaa kilipobadilika, boi akabaki ndani ya neno. Kila anayesema "washa pangaboi" anamwita kazini mtu ambaye hajakuwepo kwa karibu miaka mia moja.

Sina hakika kama hiyo ni heshima au ni dharau. Huenda ni vyote viwili. Lakini ni kumbukumbu, na ndiyo iliyoniwezesha kuona kilichokosekana chini ya dari lile. Long Bar imebakiza panka na kumtoa boi. Imehifadhi mwendo wa mkono wake kwa uaminifu mkubwa, ule upungaji wa polepole ambao mashine haina sababu yoyote ya kuuiga, kisha ikaufuta mkono. Kilichokuwa jasho la mtu barazani kimegeuka kuwa mahadhi ya chumba.

Naweza kusikia jibu: ulitaka waajiri mtu akae nje na kamba kidoleni? Sitaki. Ila tazama kitu kingine kilicho kwenye kaunta ileile. Kuna mtambo wa kutikisa vinywaji wenye gurudumu kubwa, unaobeba glasi za kutikisia kadhaa kwa mpigo, na gurudumu hilo linazungushwa kwa mkono. Wageni hulirekodi kwa simu. Kwa hiyo suala la mikono halikuwa suala la teknolojia hata kidogo. Pale ambapo kazi ya mkono inapendeza, mota imeondolewa na mkono ukawekwa mbele, juu ya kaunta, chini ya taa. Pale ambapo kazi ya mkono inaleta maswali, mkono umeondolewa na mota ikafichwa. Huo ni uhariri, na mhariri wake hakuwa mtu wa kubahatisha.

Ningetosheka na kidogo sana. Kamba moja, ining'inie kutoka kwenye pepeo la mwisho, iingie kwenye tundu moja ukutani, bila maelezo wala kibao cha shaba. Atakayeuliza ataambiwa. Chumba kisingepoteza uzuri wake, na kingepata upande wa pili wa ukuta.

Mtetezi wa Long Bar atasema yupo mtumishi mmoja anayeheshimiwa mle, tena kwa jina, na ni kweli. Ngiam Tong Boon, Mchina wa Hainan, alikuwa mhudumu wa kaunta, na hoteli humtaja kuwa ndiye aliyebuni Singapore Sling mwaka 1915. Watu wa Hainan walichelewa kufika Singapore kuliko makundi mengine ya Wachina. Wakakuta biashara kubwa zimeshashikwa na wenzao, wakaingia kwenye upishi na utumishi katika nyumba za Wazungu, melini na hotelini. Wali wa kuku wa Kihainan, ambao leo Singapore inautangaza kama chakula cha taifa, ni zao la jamii hiyohiyo.

Wanahistoria wa vinywaji hubishana sana kuhusu mwaka huo wa 1915 na kuhusu mapishi yenyewe, na hawakosi hoja. Sling ni neno kongwe kuliko hoteli yenyewe. Gazeti moja la jimbo la New York lilipoeleza maana ya kokteli mwaka 1806 lilisema ni sling iliyotiwa uchungu. Vinywaji vya jina hilo vilinyweka Singapore kabla ya Ngiam, na juisi nyingi ya nanasi iliyomo leo inaonekana kuwa nyongeza ya baadaye. Ugomvi huo nawaachia wenyewe. Ninachokitazama ni masharti ya kutajwa. Katika chumba kilichojengwa kuwakumbusha watu dunia iliyoendeshwa na watumishi, mtumishi mwenye jina ni mmoja, naye amelipata kwa kuwa jina lake linauza glasi. Hatua chache kutoka hapo, katika hoteli hiyohiyo, kuna Writers Bar, iliyowekwa kwa heshima ya waandishi kama Maugham, Kipling na Conrad. Wao walipita, wakaondoka, wakapata baa. Na kaunta ambayo Ngiam alisimama nyuma yake haikuwa mahali pa kuitana kwa majina. Katika makoloni ya Waingereza, kuanzia Singapore hadi Mombasa, mhudumu aliitwa "boy" hata akiwa na wajukuu. Sisi tulilibeba neno hilo hadi kwenye nyumba zetu wenyewe, tukawa na maboi, na makazi yao nyuma ya nyumba tukayaita boi kota. Siku hizi Nairobi yanaitwa SQ, herufi mbili zinazosimama badala ya makazi ya mtumishi. Kijana mwenye shahada mbili huyapanga kwa bei inayotoa machozi.

Hadithi ya Sling ina kipande kimoja ninachokipenda licha ya yote. Inasemekana Ngiam alikipa kinywaji rangi ya waridi ili kionekane kama juisi, kwa sababu wanawake wa tabaka la wageni wake hawakuruhusiwa kwa adabu za wakati ule kunywa kileo hadharani. Kama ni kweli, basi alikuwa msanii wa kuficha mwenye kipaji. Alitengeneza kinywaji kinachodanganya kwa upole, na kila aliyekuwa chumbani alijua na akanyamaza. Warithi wake wamejenga chumba kizima kwa kanuni ileile. Tofauti ni kwamba Ngiam alimfichia mnywaji siri yake. Chumba kinamficha mnywaji asione siri ya wengine.

Siri hiyo ndiyo mada yenyewe, shamba.

Mpira wa Malaya una historia ambayo haihitaji kutiwa chumvi. Mbegu zilitolewa Brazil mwaka 1876, zikapitia bustani za Kew, London, na mwaka 1877 miche 22 ikafika Singapore. Henry Ridley, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Singapore tangu 1888, alihangaika kwa miaka kuwashawishi wenye mashamba waupande huku wakimcheka. Magari yalipoanza kuenea, kicheko kikaisha. Bei ya mpira ilipaa mwaka 1910, na misitu ya rasi ya Malaya ikakatwa kupisha safu za miti. Aliyekata, aliyepanda na aliyegema utomvu kila alfajiri alikuwa, kwa sehemu kubwa, Mtamil kutoka India ya kusini. Mikataba ya kuwafunga ilisitishwa mwaka 1910, ukabaki mtindo wa msimamizi kurudi kijijini kwao kukusanya watu, mtindo ulioendelea hadi 1938. Malaria iliua wengi katika mashamba mapya. Na miaka ya 1920, ile ambayo baa imeichagua kama kipindi chake cha dhahabu, ilianza kwa bei kuporomoka hadi serikali ya Uingereza ikaweka mpango wa kupunguza uzalishaji kuanzia 1922 hadi 1928. Mwenye shamba aliyekuwa akitupa maganda sakafuni alikuwa na hofu. Wagema utomvu wake walikuwa na zaidi ya hofu. Chumba hakimwonyeshi hata huyo wa kwanza akiwa na wasiwasi. Kimebakiza kiti chake na kofia ya hali ya hewa.

Msomaji wa Tanga au Morogoro hahitaji safari ya ndege kulielewa hili. Mkonge uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, ukawa kwetu kile ambacho mpira ulikuwa Malaya, na ukatuachia neno: manamba. Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma na watu wa Rwanda na Burundi walisafirishwa kwa mikataba, kila mmoja na namba yake, na namba ikawa jina la watu. Sasa jaribu kuijenga baa hiyo kichwani. Dar es Salaam, ghorofa ya juu, mandhari ya bahari. Mada: shamba la mkonge, Tanga, miaka ya 1920. Kuta zimesukwa kamba za katani. Taa za mafuta. Ramani ya reli imewekwa kwenye fremu. Kwenye orodha kuna kokteli iitwayo Manamba, yenye chumvi kwenye mdomo wa glasi.

Ningependa kusema isingepata mteja. Najua ingejaa Ijumaa ya kwanza, na nusu ya tulio kwenye orodha ya barua ya gazeti hili tungekuwepo, tukipiga picha za kamba. Mapambo ya "enzi za safari" tumeshayazoea: sanduku la ngozi, kofia ngumu, chandarua kilichofungwa kwa utepe, picha ya mzungu na bunduki, na pembeni ya picha, nusu ya uso wa mtu aliyebeba mizigo. Zanzibar, klabu ya Waingereza iliyoanzishwa 1888 ni hoteli ya Africa House leo, na baraza lake ni moja ya mahali pazuri kabisa pa kutazama jua likizama. Jua halina kosa. Nimelitazama kutoka hapo zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo sitawahubiria Wasingapore. Wao si wajinga wa historia yao, na waliamua mapema na kwa macho makavu. Albert Winsemius, mchumi wa Uholanzi aliyekuja mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa na akawa mshauri wao kwa miaka mingi, aliwashauri waiache sanamu ya Stamford Raffles ilipo. Alisema ingewapa wawekezaji ishara kwamba nchi haitakuwa ya vurugu. Waliiacha. Mwaka 1987 hoteli yenye jina la mtu huyohuyo ikatangazwa kuwa mnara wa taifa. Ni hesabu ya biashara, na hesabu yao ilitoka. Nchi nyingi zilizoangusha sanamu haziwezi kusema hivyo.

Lakini Singapore hiyohiyo imenipa kipimo cha kuihukumu baa yake. Januari 2019, mwanzoni mwa maadhimisho ya miaka 200 tangu Raffles atue, msanii Teng Kai Wei alipewa kazi ya kuipaka rangi sanamu nyeupe ya Raffles kando ya mto. Aliipaka rangi za jengo lililo nyuma yake, dirisha kwa dirisha, hata ukisimama mahali sahihi Raffles anatoweka na unaona ghorofa tu. Ukisogea hatua mbili anarudi. Siku chache baadaye rangi ikatolewa na sanamu za watu wengine zikawekwa kando yake, miongoni mwao Munshi Abdullah, mwandishi aliyekuwa karani wake. Hakuna kilichobomolewa wala aliyetukanwa, na bado mtu aliyepita pale alilazimika kufikiri nani amesimama wapi, na kwa sababu gani. Kazi ile ilimfundisha mtazamaji kuona kwa kumfichia kitu mbele ya macho yake. Long Bar imeficha kitu halafu ikazima taa upande huo. Zote mbili ni kazi za mji mmoja, mwaka mmoja zikiwa wazi kwa wageni, umbali mfupi tu kati yao. Moja ilikuwa ya bure.

Kwetu jambo hili linawaka zaidi, na njia ya kufika huko si ndefu. Kampuni iliyokuwa na jina la Raffles iliungana na ile ya Fairmont mwaka 2006, kabla ya zote kununuliwa na Accor mwaka 2016, na katika familia hiyo iliwahi kuwamo Norfolk ya Nairobi. Norfolk ilifunguliwa sikukuu ya Krismasi mwaka 1904, mji ukiwa bado wa mabati na matope. Baraza lake la mbele, la kulia na kunywea, lilijulikana kwa miaka mingi kwa jina la Lord Delamere, kiongozi wa walowezi aliyefariki mwaka 1931. Baada ya uhuru jina lake liliondolewa kwenye barabara kuu ya Nairobi, ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu yake ikang'olewa. Barazani jina lilibaki. Na hadithi zinazosimuliwa kumhusu ni za kuchekesha: jinsi alivyoingia na farasi kwenye chumba cha kulia, jinsi yeye na wenzake walivyokuwa watukutu wakilewa. Bunduki katika hadithi hizo huwa ni ya mzaha.

Ipo hadithi nyingine ya bunduki kwenye baraza hilo. Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, karani wa simu aliyekuwa akiwahamasisha watu dhidi ya kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa ya wanawake na wasichana. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alimofungiwa, karibu na Norfolk. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Muthoni Nyanjiru alijitokeza mbele, akainua nguo yake na kuwaambia wampe suruali zao. Polisi wakafyatua risasi. Yeye alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo zaidi ya 20, na Waafrika waliokuwepo walihesabu wengi kuliko hapo. Wanahistoria wameandika pia kwamba walowezi waliokuwa wakinywa kwenye baraza la hoteli walijiunga, wakaupiga risasi umati uliokuwa ukikimbia.

Sijui kokteli gani mtu angeipa jina la alasiri ile. Ila mpambaji yeyote atakayepewa kazi ya kurudisha "haiba ya zamani" ya baraza la aina hiyo anapaswa kuletewa swali hili kabla ya sampuli za vitambaa. Atajibu kwamba wateja hawaji kunywa makaburini, na atakuwa na haki. Namrudisha kwenye kamba yangu na tundu la ukutani. Baa haihitaji kuwa jumba la makumbusho. Inahitaji kuacha kitu kimoja ambacho hakikai sawa, kitu kitakachomfanya mnywaji wa tatu au wa kumi aulize.

Nairobi inacho, na hakuna mpambaji aliyekiweka. Barabara inayopita mbele ya Norfolk ilibadilishwa jina. Dereva wa teksi akikupeleka kunywa kwenye baraza la Lord Delamere, atakushusha Harry Thuku Road.